Mfuko wa Mama na Ndege wa Bandarini

Wenzangu mliokulia Durban mikononi mwa mama wa Uvira, wa Bukavu au wa Goma, bila shaka nyumbani kwenu nanyi kulikuwa na ule mfuko. Mkubwa, wa plastiki, wa miraba ya bluu na nyekundu, zipu yake imeng'oka meno, umewekwa nyuma ya mlango ambapo mgeni hauoni lakini mwenye nyumba anajikwaa nao kila akienda chooni. Wa kwetu nilijikwaa nao utoto mzima. Leo nikiona mfuko wa aina hiyo mgongoni mwa mtu sokoni, kidole cha mguu kinauma chenyewe.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani pale Glenwood, yenye sakafu ya mbao iliyolia kila ukiikanyaga. Vyumba vingine walikaa wanafunzi wa chuo kikuu. Jiko lilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo mama yangu akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, nyumba nzima ilitetemeka, na mwanafunzi aliyekuwa anasomea mtihani alifunga vitabu, akaja kusimama mlangoni na sahani yake. Uani sisi wasichana tulicheza nzango, tunaruka, tunapiga makofi, tunarusha mguu mbele, na watoto wa Kizulu wa nyumba ya pili walikuwa wakitutazama juu ya ukuta, kisha wakauruka. Mama alikaanga mikate ya mviringo ya ngano. Sisi tulisema ni beignets, wao walisema ni amagwinya, na ubishi wenyewe ulifanyika midomo imejaa. Ukitumwa dukani, Mama alitema mate chini, na ole wako yakauke hujarudi. Siku hizi mtumie mtoto ujumbe aje mezani kutoka chumba cha pili, atakujibu kwa kikatuni cha kidole gumba, na chakula kitapoa.

Papa alikuwa mlinzi kwenye yadi ya malori kule Clairwood. Jumamosi mimi, Mama na mdogo wangu Espoir tulimpelekea bugali na ndagaa, na tukirudi Mama alipenda kutupitisha ukingoni mwa ghuba, upande wa mikoko. Nyuma yetu kreni zilikuwa zinanyanyua makontena kwa kelele ya kupasua kichwa. Mbele yetu, maji yakishakupwa, palibaki tope jeusi linalong'aa, na juu ya tope hilo ndege wa kila namna. Yangeyange weupe, mwari wenye mifuko ya ngozi chini ya mdomo, buabua wanaopiga mbizi, na vitwitwi wadogo wanaokimbia huku na huku utadhani wamechelewa basi. Lakini wetu sisi alikuwa sululu mmoja, ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopindia chini, ambao aliutumia kuchomoa kaa mashimoni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatika vidole vyote, kikabaki kigutu, na alitembea akiinama upande mmoja. Espoir alimwita Papa Fimbo. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kucheka hovyo miaka ile, alimcheka Papa Fimbo mpaka akashika ubavu. "Ona huyu muzee," alisema. "Mguu haina, lakini njaa iko nayo."

Shuleni tulifundishwa kuwa baada ya kiangazi majani hugeuka rangi na kuanguka. Nyie mliosoma Durban mnajua huo ulikuwa uongo wa vitabu. Kwetu majani hayaendi popote. Joto linapungua kidogo, mvua inakata, asubuhi unatafuta sweta, mchana unaivua, na Pasaka inakaribia. Hakuna kingine cha kukuonyesha kwamba majira yamebadilika, ila ndege.

Mwaka wetu wa kwanza hatukulijua hilo. Jumamosi moja tulifika ghubani maji yamekupwa, tope liko wazi, na hakuna kitwitwi hata mmoja. Buabua hawapo. Papa Fimbo hayupo. Walibaki yangeyange wachache na mwari waliojikunyata juu ya fungu la mchanga. Mama alisimama, akatazama, na nikaona uso wake unakuwa uso nilioujua kutoka njiani, ule wa wakati wa kuja. Akatushika mikono. "Ndege zimekimbia," alisema. "Iko kitu inakuya. Twende nyumba."

Lazima nieleze. Uvira, mji wetu kando ya ziwa, alfajiri ya siku tuliyokimbia, ndege wote wa ufukweni waliruka kwa pamoja na kupotea, na kabla jua halijawa kali risasi zilianza kulia. Mama aliyaona hayo kwa macho yake, na kichwani mwake jambo hilo lilikaa. Kwa hiyo siku ile Glenwood alishusha mfuko kutoka juu ya kabati, akauweka nyuma ya mlango, akaanza kupanga. Blanketi. Sufuria. Picha ya bibi yangu aliyebaki. Viatu vyangu vya kanisani. Juu kabisa, chumvi, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki mara tatu. Chumvi ndiyo aliyoiamini kuliko vyote. "Muhogo utaiokota mu shamba ya mutu," alituambia, "lakini chumvi, nani atakupa?" Usiku tulilala na viatu.

Aliyejaribu kumtuliza alikuwa Mkenya mmoja, Achieng, mwanafunzi wa mambo ya wanyama aliyepanga chumba cha pembeni. Tulimwita Anti. Alikuwa na darubini inayoning'inia shingoni hata akiwa anapika ugali.

"Mama Furaha, hakuna vita," alisema, akimwita kwa jina langu kama ilivyo heshima. "Hawa ndege huenda tu kwao kule kaskazini, kuzaa. Huku baridi inaingia, huko joto linaanza. Mwezi wa tisa watarudi, utaona."

"Na zile zimebakia?"

"Hao ni wa hapa hapa. Hawahami."

Mama akatikisa kichwa. "Apana. Zile ni bazee. Kila vita bazee banabakia."

 Mwezi wa tisa ulipofika Anti Achieng alitupeleka ghubani sote, na kweli tope lilikuwa limejaa ndege. Mama aliwatazama kwa muda mrefu bila kuitaka darubini. Papa Fimbo hatukumwona siku hiyo, na tulikuwa tumekaa kidogo tu. "Hizi ni zingine," Mama alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi ndivyo tulivyoishi. Mama hakutupitisha tena ukingoni mwa ghuba; alilitazama tope kwa mbali tu, kutoka barabarani, kuona kama ndege bado wapo. Kila mwaka karibu na Pasaka ndege waliondoka, na kila mwaka Mama alikagua mfuko. Viatu vyangu vya kanisani vilikaa humo hadi vikanibana, akanunua vingine, navyo vikaingia humo, nikawa naenda kanisani na malapa. Ukutani kwetu hakukuwa na kitu. Wenzangu darasani walibandika picha za wanamuziki na wachezaji. Mimi nilikatazwa hata msumari. "Usipige musumari mu ukuta ya mutu," Mama alisema, "utaiacha." Nilikuwa nimeanza kusema Kizulu kuliko Kifaransa. Nilikuwa na rafiki, na nafasi yangu kwenye nzango, na dirisha ambalo asubuhi jua liliingia hadi kitandani. Nilitaka kukaa. Sikuwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu hivyo, na kila nikipita nyuma ya mlango mfuko ulinijibu kwamba hatukai.

Kisha ukaja mwaka ambao mji ulichafuka kweli, wageni kama sisi wakawa wanashambuliwa mitaani. Na ulichafuka majira hayo hayo, siku chache baada ya tope kubaki tupu. Maduka ya watu wetu yalifungwa, saluni zikafungwa, Papa akaambiwa asije kazini kwanza. Jirani yetu wa Kizulu, mama wa wale watoto waliouruka ukuta, alikaa kizingitini kwetu jioni nzima na mpini wa ufagio mkononi, anatazama barabara. Anti Achieng wakati huo alikuwa ameshamaliza masomo, amepata kazi na nyumba ndogo Queensburgh. Alikuja na gari lake akatupakia. Mama alikaa mbele na mfuko mapajani. Hakusema "niliwaambia". Angelisema tungepumua, lakini kila roboti, zile taa za barabarani, zilipokuwa nyekundu, alishika mkono wa mlango.

Tulikaa Queensburgh mpaka mji ukatulia na Papa akarudi yadini. Lakini Mama alikataa kurudi Glenwood. Alisikia habari za watu wanaoenda Cape Town, wengine Msumbiji, wengine mbali zaidi. Papa, mtu ambaye kwa kawaida maneno yake yalitosha kwenye kijiko, ndipo alipozungumza.

"Mama Furaha, umeamini ndege wakati zinaenda," alisema. "Sasa uziamini wakati zinarudi. Kama zile zile zitarudi, tunabakia. Kama ni zingine, donc, basi, tunaenda."

Mama alikubali. Na mimi kuanzia siku hiyo sikuwa na maisha. Baridi yote ile niliomba. Wengine waliombea mitihani, mimi niliombea kigutu cha ndege. Nilimwomba Mungu amlinde Papa Fimbo huko aliko, nisikokujua hata jina, amwepushe na mwewe, na nyavu, na uchovu wa baharini. Espoir alisema ndege mlemavu hawezi kuruka dunia nzima na kurudi, nikampiga kofi, tukaadhibiwa wote.

Mwezi wa tisa Anti Achieng alitupeleka. Papa aliomba ruhusa kazini. Tope lilikuwa limejaa ndege, na sululu walikuwepo, wengi, wanatembea kwa miguu yao miwili, wazima, wazuri, na mimi nikawachukia. Tulikaa. Maji yakaanza kurudi, tope likawa linapungua, ndege wanasogea kuelekea kwetu. Anti Achieng alikuwa ameshaishusha darubini. Ndipo kutoka kwenye mikoko, mbali na wenzake, akatokea mmoja anainama upande. Anachechemea. Akasimama, akaingiza mdomo shimoni, akamtoa kaa.

 Mama aliomba darubini, mara ya kwanza, akaishika kinyume, Anti Achieng akamgeuzia. Alitazama, akaishusha, akatazama tena.

"Ni yeye," alisema. "Ni huyu muzee. Kumbe inarudi kwake." Akakaa chini pale pale kwenye majani yenye unyevu na kitenge chake kizuri, akalia, akacheka, akalia. Papa aligeuka akawa anatazama kreni. Nami nilihisi kitu kifuani kinafunguka ambacho sikujua kwamba kilikuwa kimefungwa tangu Uvira. Nilipumua, nasema kweli, kana kwamba miaka yote ile nilikuwa chini ya maji.

Jioni hiyo tulirudi Glenwood. Mama aliazima nyundo kwa jirani, akapiga msumari ukutani, akatundika picha ya bibi. Msumari ulikaa mshazari na picha ikawa imeinama upande mmoja, na hakuna aliyethubutu kuinyoosha.

Papa Fimbo alirudi miaka mingine kadhaa, kisha mwaka mmoja hakurudi. Mama alisikitika kama mtu anavyosikitikia jamaa mzee, akampikia chai kila aliyekuja, na maisha yakaendelea. Mfuko hakuutupa. Ulipata kazi nyingine: kila mwaka kabla ya Pasaka ndege wanapokaribia kuondoka, familia nzima tunakwenda ghubani kuwaaga, na chakula kinabebwa humo.

Mwaka huu tulikwenda wengi. Watoto wa Espoir walikuja na simu zao, ambazo ukizielekeza kwa ndege zinakuambia jina lake, kwao, na anakula nini. Wanajua kila kitu kuhusu sululu isipokuwa kumtazama. Mmoja aliuliza kama kwenye mikoko kuna mahali pa kuchaji. Mtoto wangu wa kike, kabla hata hatujakaa, alishataka kujua tutaondoka saa ngapi, kwa sababu ana mambo yake. Nilitaka kumkaripia, nikamtazama, nikaacha. Anauliza tutaondoka saa ngapi akimaanisha kurudi nyumbani. Hajui kwamba swali hilo liliwahi kuwa na jibu lingine.

Tulitandika vitenge. Tukafungua mfuko: mikate, sombe, chupa ya chai, mayai ya kuchemsha. Juu ya tope sululu walikuwa wamejikusanya, wanapiga ile filimbi yao ya haraka haraka, na kundi la kwanza lilipoinuka Mama aliinua mkono akawapungia taratibu, kama mtu anayesindikiza wageni hadi getini. "Muende muzuri," alisema. "Mwezi wa tisa."

Nikamenya yai nikampa. Akaliuma, akatafuna, akanitazama, kisha akaanza kupekua mfuko. Akatoa vikombe, akatoa kitambaa, akaingiza mkono hadi chini kabisa kwenye pembe.

"Eish, Furaha," alisema. "Chumvi. Nimesahau chumvi nyumba."

Nilimtazama kuona kama ameshtuka. Hakushtuka hata kidogo. Alicheka, akafuta midomo, akaomba yai la pili. Enzi zetu tulikuwa na chumvi kila siku na hatukuwa na ukuta wa kupigilia msumari. Nilimenya langu nikalila vile vile, halina chumvi, na sijawahi kula yai tamu kama lile.