Filamu ya Kutisha Tuliyoipiga Asubuhi

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha sinema mjini Kigoma sikuruhusiwa kugusa projekta. Afisa Sinema, mtu mrefu wa maneno machache, alinipa stuli na kuniamuru nikae kando ya pazia, uso wangu ukiwaelekea watu.

"Filamu usiitazame, kijana," alisema. "Watazame wanaoitazama. Wakianza kufinya macho, picha imefifia, nipungie mkono nirekebishe lenzi. Wakianza kuzungumza, tumewachosha, na hapo lenzi haisaidii."

Nilikaa kwenye stuli ile muda mrefu kabla ya kufundishwa kupachika reli, yaani lile gurudumu la bati linalozungushiwa filamu. Gari letu lilibeba projekta, jenereta, kipaza sauti na pazia la kitambaa cheupe. Tulionyesha filamu za kilimo, za malezi, za malaria. Leo Kidahwe, kesho Buzebazeba, kesho kutwa Ilagala kwa wavuvi.

Ilagala ndiko nilikopata somo la kwanza la woga. Tulikuwa na filamu moja ya wanyama, ndani yake mamba akimkamata swala mtoni. Mjini watu walikuwa wakipiga mayowe. Ilagala, ambako mto Malagarasi unaingia ziwani na kila ukoo una mtu wake aliyechukuliwa na mamba, walicheka. Mvuvi mmoja aliniambia wakati tunakunja pazia, "Huyu wenu anakuja mzimamzima, mdomo wazi. Mamba wa kweli humwoni." Nilicheka naye, lakini maneno yale yalinikaa.

Miaka ikapita, wakimbizi wa Burundi wakaanza kuingia kwa wingi. Kitengo kikaombwa kusaidia elimu ya afya kambini, maana kipindupindu kilikuwa kinatishia. Huko nilimkuta Mama Spesioza, mwalimu wa shule ya msingi kabla ya vita, ambaye kambini alikuwa mkalimani. Alisimama kando ya gari na kipaza sauti, akigeuza Kiswahili chetu kuwa Kirundi, sentensi baada ya sentensi, bila kujikwaa.

Jioni moja tulionyesha filamu ya bwana afya anayetembelea nyumba kukagua vyoo na maji ya kunywa. Ndani ya filamu bwana afya anafika mlangoni, anatabasamu, anabisha hodi. Mimi nilikuwa natazama watu kama nilivyozoezwa. Kina mama waliwavuta watoto mapajani. Wanaume wawili, watatu, walisimama wakaondoka bila kugeuka nyuma. Mama Spesioza alinyamaza katikati ya sentensi.

Nilidhani kipaza sauti kimeharibika. Nilipomuuliza, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ni ule mlango. Waliokuja kwetu hawakuvunja milango, kaka Rajabu. Aliyekuja kwangu alibisha. Jirani yangu. Aliniita jina, akaniuliza mtoto kaamkaje."

Kesho yake filamu ile tuliiondoa.

Baadaye sinema za reli zilikwisha, kitengo kikapewa kamera ya video. Siku za mapumziko Mkuu wa Kitengo aliniachia niitumie kwa kazi zangu. Nikamwambia nataka kutengeneza filamu fupi ya kutisha, yangu mwenyewe, isiyotumwa na ofisi.

"Weka jini," alisema hapo hapo. "Na iwe usiku. Ujiji watu wanajua majini, utawapata."

Nikaandika kisa cha jini anayetoka ziwani na kumfuata mwanamke hadi nyumbani. Nikampelekea Mama Spesioza anisaidie kusahihisha. Alisoma hadi mwisho, akanirudishia karatasi.

"Jini huyu anamjua huyu mwanamke?"

"Hamjui."

"Basi atamwogopaje? Atakimbia tu, kama mtu anavyokimbia mvua. Na kwa nini usiku? Wetu walikuja saa nne asubuhi. Nguo zilikuwa kwenye kamba."

Nikakiandika upya. Jini akatoka, usiku ukatoka. Akabaki mwanamke ndani, niliyemwita Zaina, jirani nje, na mlango kati yao. Jirani haonekani hata mara moja. Mdogo wangu wa kike, Zuhura, alikubali kuwa mwanamke wa ndani. Mtu wa nje nilikuwa sijampata, na sikuwa na nia ya kumwomba Mama Spesioza. Yeye ndiye aliyesema.

"Sauti nitakuwa mimi. Wewe utamtafuta mtu aigize ukali. Yule hakuwa mkali."

Tulipiga asubuhi, katika nyumba ya kupanga huko Buzebazeba. Kamera niliiweka juu ya tripodi, ile miguu mitatu ya kuzuia mtikisiko. Zuhura alikaa mkekani akichagua mchele. Mama Spesioza, aliyepata kibali cha kutoka kambini, alisimama uani, maikrofoni nimeitundika kwenye fremu ya mlango.

"Amahoro," aliita. Ndiyo salamu yao, maana yake amani. "Zaina? Ni mimi, jirani. Mtoto kaamkaje? Nimewaletea maharage."

Ilikuwa sauti nzuri, ya mtu unayependa akutembelee. Katika maandishi yangu Zuhura alipaswa kuinuka na kufungua. Aliinuka, akafika mlangoni, akashika komeo. Hakufungua. Sauti ikaendelea kumbembeleza kutoka nje, taratibu, bila haraka, na mdogo wangu amesimama pale hadi nikaizima kamera mwenyewe.

"Sikuweza, kaka," aliniambia. "Najua ni Mama Spesioza. Sikuweza."

Nikamwambia imetosha. Filamu yenyewe iliishia hapo, kwenye mkono na komeo.

Nilipotoka uani Mama Spesioza alikuwa amekaa chini, kiganja kimefunika mdomo. Zuhura akaenda kukaa karibu naye. Walikaa hivyo hadi jua likawafikia, kisha wakaenda jikoni kupika ule mchele.

Nilitaka kuionyesha kambini. Mama Spesioza alikataa.

"Wao waonyeshwe nini? Waonyeshe wa mjini, wanaotuuliza kila siku kwa nini haturudi."

Maswali hayo yalikuwa mengi siku hizo. Jirani yetu Mzee Kondo, mfanyabiashara wa dagaa, aliyauliza dukani kwa sauti kubwa: kwao kumeshatulia, wanangoja nini? Tulipokodi ukumbi Ujiji, mchana, madirisha tukayaziba kwa mablanketi, naye alikuja. Alikaa mstari wa mbele, kofia gotini.

Mwanzoni vijana walilalamika, jini yuko wapi. Sauti iliposema maharage, wakanyamaza. Zuhura aliposhika komeo, mtu alipiga kelele: "Usifungue!" Alikuwa Mzee Kondo, amesimama wima.

Nje ya ukumbi Mama Spesioza alimwamkia. "Shikamoo, mzee." Mzee aliitambua sauti ile, akarudi nyuma hatua moja. Akaitikia marahaba. Kisha akamuuliza, "Na mtoto?"

"Tulitoka naye dirishani," alijibu. "Yuko shule kambini."

Dukani sikumsikia tena mzee akiuliza lile swali.

Nimestaafu sasa. Vijana wenye kamera ndani ya simu huniuliza filamu ya kutisha inataka nini, damu kiasi gani, muziki gani. Nawajibu watafute kwanza mtu aliyewahi kuogopa, wamsikilize, na wamwache aamue kitakachoonyeshwa. Wengi huondoka wakidhani mzee amewanyima siri ya kazi.

Wakati wa kurudi ulipofika kweli, Mama Spesioza alikuwa miongoni mwa walioamua kwenda. Nilimpelekea nakala ya kanda ya filamu yetu kwenye kituo cha mabasi ya wakimbizi. Mwanawe alikuwa amembebea jembe jipya na godoro. Mama Spesioza aliigeuza kanda mkononi, akanirudishia.

"Baki nayo, kaka Rajabu. Mimi nakwenda kulima."

Akapanda basi, akatafuta kiti cha dirishani.