Kiboko wa Matofali ya Kiberiti

Enzi zetu hapa Babati, mtoto aliyetaka kitu cha kuchezea alianza kwa kuchimba udongo. Matofali tuliyafyatua kwa kiberiti. Viberiti vya siku hizo vilikuwa vya ubao mwembamba, vilivumilia maji. Tulichukua kile kisanduku cha ndani, tukakitoa kitako, tukakipaka majivu ili udongo usigande, kisha tukashindilia kwa kidole gumba. Yakikauka tuliyapanga kwenye tanuru lenye ukubwa wa sufuria na kuyachoma kwa magunzi ya mahindi. Tofali lililoiva vizuri ukiligonga na jingine lilitoa mlio mkali, na anayechoma alifurahi kuliko aliyefaulu mtihani. Pembeni mwa moshi tulifukia viazi, na kutoka jikoni Mama alipaza sauti, "Atakayeunguza nguo asiingie humu ndani!"

Fundi wetu alikuwa dada yangu Zuhura. Watoto wa mtaa walimwagiza vitu: huyu lori, huyu msikiti wenye mnara, yule nyumba ya bibi yake. Kwanza alichora kwa mkaa ukutani, halafu akapanga matofali makavu bila tope ili aone kama yatasimama. Penye tumbo la duara alirundika mchanga, akajenga juu yake, na tope likishakauka akauchota mchanga wote kwa kijiko. Mimi nilikuwa mdogo wake wa pekee, kazi yangu ilikuwa kukanda tope na kushangaa.

Lakini wanyama wake hawakuwa na vichwa. Madrasa tulifundishwa na Maalim Idi, mtu mrefu, mwenye sauti iliyotufanya tusahau hata majina yetu. Alitufundisha kwamba anayetengeneza sanamu ya kiumbe ataambiwa Siku ya Kiyama aitie roho, naye hataweza. Tuliambiana kwamba kiumbe asiye na kichwa ni sawa na mti tu. Kwa hiyo ng'ombe wa Zuhura waliishia shingoni, na sisi tulilala salama.

Siku moja alimjenga kiboko, kama wale wa ziwani kwetu, mkubwa kufikia kiuno changu. Petro, mtoto wa jirani zetu waliohamia kutoka Mbulu, alikuja kumtazama. Alimzunguka, akacheka hadi akakaa chini.

"Kiboko gani hana mdomo? Wewe Zuhura, hicho ni kiazi!"

"Toka hapa, Petro. Wewe hata tofali huwezi kufyatua."

"Kiazi chenye miguu! Njooni muone!"

Mtaa mzima ukamwita Zuhura Mama Kiazi. Alivumilia kwa muda, kisha akaweka kichwa. Na kilikuwa kichwa kweli, mdomo wazi, matundu mawili ya pua, macho ya kokoto nyeusi. Hakuna aliyecheka tena. Mimi nilishindwa hata kumkaribia.

Kesho yake Zuhura alishikwa na homa. Kwa watoto wa leo homa ni homa, wanatafuta dalili zake kwenye simu kabla hata ya kumwambia mama. Sisi tulijua moja kwa moja imetoka wapi. Alinishika mkono, vidole vyake vikiunguza.

"Usimwambie Mama."

"Kwa nini?"

"Ataniuliza nimefanya nini. Apa."

Nikaapa. Mama alipouliza kwa nini hali chakula, Zuhura alisema ameshiba mapera. Alipotetemeka alijifunika kanga na kusema ni baridi ya Kwaraa, maana upepo wa mlima ule hutushukia kweli. Mimi nilikaa karibu naye nikihesabu pumzi zake, na kila alipochelewa kuvuta nyingine nilimtikisa bega.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Nilimpata uani. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiboko, midomo yake kwenye yale matundu ya pua ya udongo, anapuliza. Alipuliza mpaka mashavu yakalegea, akapumzika, akapuliza tena. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuniona.

"Pumua," alikuwa akimwambia. "Pumua basi, tafadhali. Wataniuliza."

Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada. Mama alikuwa amekwenda kuteka maji, Baba yupo dukani. Miguu yangu ilinipeleka kwa mtu niliyemwogopa kuliko wote. Maalim Idi alikuwa mlangoni kwake anatawadha.

"Maalim, kiboko hataki kupumua! Dada anapuliza, hataki!"

Sikujua kama maneno yale yana maana. Yeye aliyaelewa. Aliacha birika likimwagika akakimbia, mguu mmoja bado umelowa, kanzu ameikamata mkononi. Hatukuwahi kumwona Maalim akikimbia. Alimbeba Zuhura begani, akakutana na mama yetu njiani, akamwambia bila hata salamu, "Mama Zuhura, weka ndoo chini. Mtoto anaungua."

Hospitali walisema ni malaria, imeshampanda kichwani. Tulingoja nje ukutani. Mimi nilimtazama Maalim nikitarajia kuchapwa fimbo, nikaona anavuta tasbihi haraka haraka, anapotea hesabu, anaanza upya. Alikuwa akiogopa kama mimi. Akaniita nikae karibu.

"Mungu anajua mtoto anapocheza," alisema. "Hilo nilipaswa kuwaambia kwanza."

Zuhura aliponyanyuka kitandani, Alhamdulillahi, alikuwa mifupa mitupu, lakini alikuwa hai. Yupo hadi leo, bibi wa wajukuu huko Bagara. Nashukuru kwa hilo katika kila sijida.

Siku hizi naishi na mjukuu wangu Rahma. Naye ni fundi wa sanamu, ila matofali yake ni ya plastiki, yanabanana yenyewe bila tope. Watu wanamtumia picha kwenye simu, naye anawajengea sura zao, pua, miwani na kila kitu. Haogopi lolote isipokuwa chaji kuisha. Shikamoo yangu naipata huku macho yake yako kwenye kioo cha simu, nami naitikia marahaba nikiutazama utosi wake.

Juma lililopita mama mmoja aliagiza sura ya mwanawe aliyefariki. Rahma aliijenga hadi machoni, akashindwa kuendelea. Tangu hapo hali chakula vizuri.

"Una nini, mama?" nilimuuliza.

"Hamna, Babu. Niko poa."

Akafunga mlango. Nikamkumbuka Zuhura akisema ni baridi ya Kwaraa. Zamani tulilelewa kwa hofu iliyopita kiasi, nakiri, na sitamani wajukuu wangu waogope kama sisi. Lakini hofu ile ilikuwa na mlango wa kukimbilia, na nyuma ya mlango alikuwapo mtu. Watoto wa leo hawamwogopi mwalimu, hawamwogopi babu. Wakishikwa na hofu yao wenyewe, wanakwenda kwa nani?

Nimehamisha kiti changu cha kusomea Kurani. Sasa kiko nje ya chumba chake, na nasoma kwa sauti ili ajue kwamba nipo.