Ijumaa Nilizomwachia Maalim Ashinde

Kuna siku haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni siku ya barafu. Nilikuwa mdogo, Unguja, nikapewa kipande cha barafu sokoni, nikakitia mfukoni mwa kanzu nimpelekee bibi. Nilipofika nyumbani bibi aliikuta kanzu imerowa tu, na maneno aliyoyasema siyaandiki hapa. Lakini baridi ile ya pajani ilinipenda, au mimi niliipenda, sijui. Nilipokuja Oman nikawa fundi wa AC huko Ibra. Skuli niliishia darasa la nne, ila mashine ya kupuliza baridi naijua.

Ndivyo nilivyojuana na Maalim Nassor, miaka ya tisini hiyo. Aliniita nimtengenezee AC, nikadhani joto limemshinda, kumbe ni kwa ajili ya kompyuta. "Mimi nastahamili," alisema. "Yeye hawezi." Mzee yule alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuifundisha kompyuta kucheza sataranji, ule mchezo wa mfalme na askari wake. Alianza ujanani, akisoma Ulaya, enzi ambazo kompyuta moja ilijaa chumba kizima na ikilishwa kadi zenye matundu. Aliporudi aliendelea peke yake, mwaka baada ya mwaka.

Aliposikia kwamba barazani kwetu mimi sifungwi ovyo kwenye sataranji, akaniomba: "Njoo kila Ijumaa, baba. Ifunge. Nitafutie inapokosea."

Basi kila Ijumaa, baada ya sala na chakula, nilikuwa kwake. Kompyuta ile hatua moja iliiwaza dakika kumi. AC inanguruma, jua linaingia vipande vipande kwenye dirisha la mbao, maji ya mfereji wa falaji yanapita nje, nami finjani ya kahawa mkononi, sijui niko Ibra au niko Unguja.

"Maalim, inafikiri au imelala?"

"Inafikiri. Anayekoroma ni wewe."

Ijumaa ya pili nikaliona tundu lake. Ilikuwa na pupa. Ukiiwekea askari wa bure pembeni, waziri wake, kete yake yenye nguvu kuliko zote, humfuata hukohuko, mfalme akabaki peke yake. Hatua tatu tu ningeimaliza. Lakini sisi tumelelewa, mwanangu: humfungi mzee nyumbani kwake, kahawa yake umeishika. Nikamrudisha farasi wangu nyuma, nikajifanya nimezidiwa. Maalim akapiga makofi, akaandika daftarini mwake, uso unang'aa. Na mimi, nisikufiche, niliona raha kumwona vile. Nikafanya hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa, karibu mwaka mzima.

Halafu akataka kuipeleka Maskati, kwenye mashindano, ikacheze na watu. Nikampakia kwa gari langu. Aliyekaa kucheza nayo alikuwa msichana wa skuli, kavaa miwani. Akaweka askari wa bure pembeni. Waziri akamfuata. Mchezo ulikwisha mapema, na watu walicheka.

Tukirudi, tulisimama Fanja kusali alasiri. Nje ya msikiti, akitafuta makubadhi yake, akaniuliza:

"Tundu lile ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, Maalim."

"Tangu lini?"

"Ijumaa ya pili."

"Na mimi kila uliposhindwa nilikaa wiki nzima naitengeneza kwa kufuata ushindi ule."

"Nilikustahi, Maalim."

"Heshima hunipa kila anayepita njiani, baba. Kwako wewe niliomba macho."

Hakupandisha sauti. Akavaa makubadhi, akalipita gari langu, kompyuta yake iko kiti cha nyuma, akapanda teksi ya Nizwa, si ya kwetu Ibra. Mimi na njia ya Ibra peke yangu. Nilisema kesho atarudi. Nikasema Ijumaa atarudi. Hakurudi tena, hata kuichukua kompyuta yake.

Mwanangu, mtu akikuletea kazi ya umri wake na kukwambia nitafutie kosa, heshima aliyokupa ni kubwa kuliko yoyote utakayompa wewe. Mwambie. Mbusu mkono kwanza ukitaka, mwambie mko wawili tu, kwa maneno laini, lakini mwambie siku ileile, kabla hajajenga juu ya uwongo wako. Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mpole usiodanganya, na akupe watu wa kukwambia kweli ungali na wakati wa kutengeneza. Amin.