Mama mkwe, kenge wa Bwera na kifutu niliyemwokota barabarani

Wakuu, salaam. Mwenye chai aiweke chini kwanza, isije ikampalia. Haya yamenipata mwenyewe hapa Bwera, mji wetu wa mpakani, na wallahi sijaongeza chumvi, labda sukari kidogo.

Mimi ni mtu wa Fuso. Napakia vitunguu na maharage mpakani, napeleka Kasese. Kazi hiyo inazaa matairi mabovu, na mimi kutupa tairi siwezi. Nilikuwa nayarundika nyuma ya nyumba, nikisema ipo siku mafundi wa kandambili watayanunua. Nyasi zikaota juu yake. Mke wangu Masika akaniambia nifyeke, nikamwambia kesho. Hiyo kesho mnaijua.

Siku moja Masika anaanua nguo, akaona mkia unaingia kwenye matairi. Mkia mrefu.

"Bwana! Iko nyoka huku!"

Nilikuwa nakula. Nikajibu bila kuinuka, "Hiyo ni mjusi tu."

Kosa kubwa. Mijusi tunao ndani, wale wa ukutani, hata majina tumewapa. Masika anawajua. Akafunga mzigo, akapanda kwao Kyondo mlimani, kwenye mashamba ya kahawa. Akaniachia neno: nyoka akifa nitarudi, na Mama ndiye atakuja kuhakikisha.

Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikawa nakula chapati za barabarani asubuhi na jioni, nyumba kimya, nikaumia kweli. Nilimkumbuka hata anavyonigombeza.

Nikachokoa matairi kwa mti mrefu, nimesimama mbali kama mtu anayerina asali. Sikuona kitu. Sasa nyoka asiyeonekana unamuuaje?

Mungu si Athumani. Nikitoka Karusandara na mzigo wa mahindi, nikakuta kifutu, yule nyoka mnene, barabarani, amekanyagwa, amekwisha. Nikasimamisha Fuso, nikamsukumia ndani ya gunia kwa fimbo. Nikapiga simu Kyondo: nyoka nimemuua, Mama aje aone.

Wakuu ambao si wa huku, mjue hivi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hampeani mikono, hamkai benchi moja, mnasalimiana kwa mbali kila mmoja akitazama pembeni. Mkigusana, ni aibu ya kupelekwa kwa wazee, na wazee watataka mbuzi.

Mama akafika na mwavuli wake. Mimi nimejimwagia maji usoni, nimeshika rungu, nahema. Kifutu nimemlaza mbele ya matairi.

Akainama. "Mukwe, mbona hii nyoka iko na alama ya gari?"

"Nilimukanyaga na pikipiki kwanza, Mama. Alikuwa mukali."

"Pikipiki gani iko na tairi pana hivi?"

Nikakohoa. Yeye akaamua kufanya uchunguzi wake, akachomeka mwavuli katikati ya matairi.

Wakuu, mwenye mkia akatoka.

Kenge! Mzima, mnene, mrefu kama benchi la hotelini, anapuliza utadhani tairi limetobolewa. Akaelekea miguuni kwa Mama.

Sijui Mama aliruka vipi. Nilishtukia mikono iko shingoni mwangu, miguu yake haigusi chini, kitambaa chake cha kichwa kiko usoni kwangu. Na mimi kwa hofu, badala ya kumtua, nikamkumbatia vizuri zaidi. Tulibaki hivyo mpaka kenge akapotelea kwenye migomba.

Nikamtua polepole kama trei ya mayai. Akajifunga kitambaa, akaokota mwavuli. Mimi nikaangalia mlima, naye akaangalia mlima. Nilijua yameisha. Akifika Kyondo atasema nimedanganya, na Masika harudi tena. Roho iliniuma pale pale.

Akasema bila kunitazama, "Mukwe, hapa kumetokea nini?"

"Mama, mimi sijaona kitu."

"Na mimi nimeona nyoka. Amekufa."

Akafungua mwavuli na jua hamna, akaondoka.

Masika alirudi wiki ile ile. Kwa furaha nilifyeka uwanja wote bila kuambiwa, matairi nikayagawa bure. Akawa anashangaa, eti nyoka akifa mume anageuka mchapakazi?

Sasa juzi nipo ndani, namsikia uani anapiga simu, ameweka sauti kubwa.

"Mama, ule mukia nimeuona tena, kwa migomba!"

"Nyoka alikufa. Nilimuona na macho yangu."

"Lakini Mama, huyu iko na miguu."

Nilisikia hata jogoo wa Kyondo kwenye simu.

"Iko na miguu? Basi si nyoka. Kaa kwa bwana yako."

Masika akakata simu, akaingia, akajimiminia chai, akaniuliza jioni tule nini. Sijawahi kulipenda swali hilo kama siku hiyo.

Nilichojifunza: fyekeni nyuma ya nyumba kabla mke hajafunga mzigo. Na mama mkwe msimwogope kupita kiasi, ukiwa na siri naye umepata wakili.

Haya, nanyi semeni. Nani hapa amewahi kumgusa mama mkwe kwa bahati mbaya, na alijitetea vipi? Mwagikeni hapo chini, ila anayemfahamu Masika asome, acheke, apite kimya kimya.