Papa na Dari ya Basi Letu Dogo

Wiki ile ile tulipolichukua basi letu dogo, mvua ilitukuta njiani karibu na Likasi, na mimi na mume wangu tukagombana bila kujua tunagombania nini. Mvua ya mwezi wa tatu ilikuwa inapiga bati la juu kama watu kumi wanaomwaga magunia ya mahindi kwa pamoja. Tulikaa bega kwa bega, lakini kila mmoja alikuwa peke yake.

"Funga!" mume wangu alipiga kelele, akionyesha dirisha la upande wangu.

"Nani anakufa?" nikamuuliza.

Alisimamisha gari kando ya barabara tukangoja. Mvua ilipopita, akanieleza alichokuwa anasema, nikamweleza nilichosikia, tukacheka mpaka tukatokwa na machozi. Nguo zangu zilikuwa zimelowa upande mmoja. Lakini siku hiyo nilijua kwamba injini haitatusumbua sana. Kitakachotusumbua ni dari.

Mume wangu ni dereva wa lori. Kwa miaka mingi amebeba mizigo ya mfanyabiashara mmoja, mtu wa Butembo, na mfanyabiashara huyo alipotaka kuliondoa basi la zamani uani kwake, alimwambia mume wangu alichukue kabla hajamwambia mtu mwingine. Mume wangu amelala nusu ya maisha yake akiwa amekunja magoti ndani ya kabini. Alitamani kitu kimoja tu, gari ambalo mtu anaweza kunyoosha miguu. Mimi ni mshonaji. Nina chumba changu cha kazi katika mtaa wa Kamalondo, na kabla ya shule kufunguliwa nazunguka Likasi na Kambove na sare za watoto. Basi tuling'oa viti vya nyuma, tukaweka kitanda, kabati na jiko dogo. Majirani wetu wa Naviundu, mtaa tunaoishi, walikuja kuchungulia mmoja mmoja. Mama wa nyumba ya pili aliniuliza kama mume wangu ndiye amenifukuza au mimi ndiye nimemfukuza yeye.

Mwezi wa sita, baridi ilipoingia, tulilala ndani ya gari kwa mara ya kwanza. Kulipokucha niliamka uso umelowa. Nje hakukuwa na wingu hata moja, anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, lakini dari yetu ilikuwa inadondosha maji tone kwa tone juu ya blanketi.

"Nitaitengeneza mwenyewe," mume wangu alisema.

Aliuliza madereva wenzake, na kila mmoja alikuwa fundi. Mmoja alimwambia atafute sponji za magodoro. Mwingine aliapa kwamba trei za mayai ndizo zinazomeza kelele. Mume wangu akaamua kufuata mashauri yote mawili. Mwezi mzima wa saba alikuwa anarudi nyumbani na trei kwapani, mpaka muuza mayai wa sokoni akamuuliza anafuga kuku wa aina gani. Alizipaka gundi akazibandika juu ya bati, akabandika sponji juu ya trei, na mimi nikashona kitambaa cheupe cha kufunika yote. Ilipendeza. Tuliwaita watu waione.

Papa naye alikuja. Papa ni baba yangu mzazi, na anaishi nasi tangu mama alipofariki. Alikuwa seremala wa reli, kama baba yake alivyokuwa mfanyakazi wa reli kabla yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabehewa ya abiria, mpaka siku alipostaafu. Ni mtu wa maneno machache, na tangu tuliporudi kutoka kumzika mama yalipungua zaidi. Asubuhi alikuwa anatoa kiti chake uani, anaweka kofia magotini, anatazama kuku wa jirani. Siku hiyo aliingia ndani ya gari, akaigusa dari yetu kwa kidole kimoja.

"Iko muzuri," alisema. Kisha akarudi kwenye kiti chake.

Mwezi wa tisa joto lilikuja kama kawaida yake, na ndipo tulipoombwa kuwapeleka akina mama wa kwaya ya parokia kwenye ndoa. Walikuwa tisa. Wote walivaa kitenge cha aina moja, cha kijani chenye maua ya manjano, na wote walikuwa wametoka kusukwa. Watano walikaa kitandani na wanne kwenye vigoda, na hatukufika hata kona ya kwanza kabla hawajaanza kuimba. Mimi nilikaa mbele. Mume wangu alikuwa anatabasamu peke yake, anaendesha polepole kama anayebeba mayai.

Tulipopita shimo moja barabarani, shimo dogo tu, nilisikia kitu kama nguo inayochanika. Nikageuka. Dari yote ilikuwa inashuka. Haikuanguka kwa ghafula. Ilishuka taratibu kama shuka linalotandikwa, kitambaa, sponji, trei na gundi iliyoyeyuka, ikawafunika akina mama wote tisa. Wimbo ulikatika. Kwa muda niliona vichwa tu vikitembea chini ya kitambaa cheupe.

Mume wangu alifunga breki. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. "Ba mama, musamaha," alikuwa anasema, "ba mama, musamaha, musamaha..."

Kutoka chini ya kitambaa, sauti ya mama kiongozi wa kwaya ilisikika, nzito na tulivu: "Tunaimbaka mbingu kila siku ya Mungu, sasa njo hii inatushukia."

Mwingine akajibu: "Kama mbingu iko na sponji hivi, mi nakwenda leo leo."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko mvua ya mwezi wa tatu. Tuliwatoa mmoja mmoja pembezoni mwa barabara, tukawachambua punje za sponji kutoka kwenye nywele, na mimi niliwaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Mama kiongozi aliingia kanisani akiwa na kipande cha trei kimenata nyuma ya kilemba chake, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Waliimba vizuri sana. Nadhani hawajawahi kuimba vile.

Jioni hiyo mume wangu alikaa kwenye ngazi ya gari, mikono imejaa gundi. Papa aliinuka kwenye kiti chake, akaingia ndani, akaligonga bati tupu la juu kwa kifundo cha kidole. Bati likalia. Akalibonyeza kwa kiganja cha mkono wa kushoto na kuligonga tena kwa mkono wa kulia. Halikulia.

"Mukwe wangu, umesikia?" alimwambia mume wangu. "Bati iko ngoma. Ngoma, haufunike na nguo. Unaweka kwanza mukono juu yake, inanyamaza."

"Na ile maji ya asubuhi, Papa?" mume wangu aliuliza.

"Ile haina maji ya mvua. Ni pumzi yenu. Pumzi iko moto, inapanda, inakuta bati ya baridi, inageuka maji. Tulikuwa tunaona ile kila mwaka mu mabehewa."

Nilimtazama. Kwa miezi kadhaa sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo.

"Papa, na juu ya nini haukutuambia mbele?"

Akavaa kofia yake. "Hamukuniuliza."

Tulifanya kazi kila Jumamosi, mwezi wa kumi wote na nusu ya uliofuata. Kwanza Papa alitufanya tulisugue bati mpaka likang'aa, kwa sababu, alisema, gundi inashika kitu safi, haishiki vumbi. Kisha akamtuma mume wangu atafute zile karatasi za lami zenye mgongo wa fedha ambazo mafundi wanazibia mapaa yanayovuja. Tulizikata vipande, na hapo Papa akaniomba pasi yangu ya makaa. Nilisita, maana pasi ile ilikuwa ya mama yangu. Lakini aliikamata kama anayemkamata mtoto mchanga, akaweka kitambaa katikati, akaipitisha juu ya kila kipande taratibu, lami ikalainika na kulikumbatia bati. Kila alipomaliza kipande aligonga, akainamisha kichwa, akasikiliza. Mahali ambapo bati lilijibu, alirudia.

Baada ya lami zilikuja fito nyembamba za mbao, zikafungwa kwenye mbavu za gari kwa skrubu. Kujaza nafasi kati ya fito ilikuwa zamu yangu. Chumbani kwangu Kamalondo nilikuwa na mabaki ya jinzi na sufu ya miaka mingi, ambayo kila mteja alinishauri nitupe. Niliyafua, nikayakausha juani, nikayashona ndani ya mito mipana na bapa, kila mto kwa kipimo cha nafasi yake. Papa aliipima unene kwa vidole na kunirudishia miwili.

"Hii iko nyembamba, mama. Ongeza."

Papa ananiita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Lakini siku hiyo aliniita kama fundi anavyomwita fundi mwenzake, nami nikaongeza.

Chini ya mito tulitandaza plastiki nzito, ikabandikwa pembeni pote ili pumzi isipande tena kukutana na bati. Chini ya plastiki tukaweka triplex, ile mbao nyembamba inayokubali kupinda. Kuipinda kulitaka watu watatu. Mume wangu alisukuma upande mmoja, mimi upande mwingine, na Papa alisimama katikati, akiishikilia kwa kichwa chake huku anakaza skrubu. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Utotoni mwangu nilimwona akitoka asubuhi na akirudi jioni na vumbi lile lile, lakini kazi yenyewe sikuwahi kuiona hata siku moja. Karakana haikuwa mahali pa watoto. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, mikono juu, shingo inaniuma, na ndiyo kwanza nilikuwa namwona baba yangu kazini. Alikuwa anapiga mluzi! Sikujua kwamba Papa anajua kupiga mluzi.

Kitambaa cha mwisho kililetwa na mama kiongozi wa kwaya: mita za kitenge cha kijani chenye maua ya manjano kilichobaki kwenye ushonaji wao. "Mbingu yenyewe ivae uniformi," alisema.

Mvua ilichelewa mwaka huo, na mume wangu hakuwa na subira. Jumapili moja baada ya misa aliegemeza ngazi kwenye gari, akapanda na ndoo za maji na kopo lililotobolewa matundu, akaanza kumwagilia paa kama bustani. Mimi na Papa tulifunga milango tukakaa kitandani. Majirani walijaa uani. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anampandishia ndoo, na baadaye, kwa kutoridhika, akampandishia na kikombe cha mahindi makavu ayamwage juu ya bati.

Tulisikia mnong'ono. Kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya tatu. Papa alisikiliza, macho amefumba, halafu akafungua mlango.

"Anza basi!" alimwambia mume wangu.

"Papa, mi namaliza ndoo ya nne!"

Watu waliangua kicheko, na Papa mwenyewe akacheka, mabega yakimtikisika, mpaka ikabidi akae kwenye ngazi.

Mwezi wa kumi na mbili tulikwenda wote watatu Kambove, kumtembelea dada yangu mkubwa. Tukiwa njiani, baada ya chakula cha mchana, ugali wetu wa bukari na samaki, tulisimama mahali penye miti kabla ya kufika, ili mume wangu anyooshe mgongo. Ndipo mvua ikaja, mvua kamili ya Katanga, ile inayogeuza barabara kuwa mto. Maji yalikuwa yanashuka kwenye vioo kama pazia. Mimi na mume wangu tuliongea kwa sauti za kawaida, maneno ya kawaida: kama dada atakuwa ameandaa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kama tumesahau zawadi ya watoto wake. Niliona ajabu, namna neno lilivyoweza kutoka kinywani kwake na kunifikia likiwa zima.

Nyuma yetu Papa alikuwa amelala chali, miguu imenyooka, anakoroma. Dari haikuwa na la kufanya kuhusu hilo.

"Mvua tumeiacha nje," mume wangu aliniambia, "lakini hii tumeifunga ndani pamoja nasi."

Papa aliamka mvua imekwisha. Alifungua mlango ili ashuke, akarudisha mguu wake haraka: chini kulikuwa na dimbwi linalofika kwenye ngazi.

"Eh! Kulinyesha?"

Hatukuweza kumjibu kwa kucheka. Alitutazama, akatazama dimbwi, kisha akainua macho juu, akaliangalia ua moja la manjano kwa muda mrefu. Aliipapasa dari kwa kiganja, mara moja tu, akakaa.

Mume wangu aliwasha gari. Tulipopita mashimo ya kwanza kuelekea mjini, Papa akainua kidole tunyamaze. Akasogea mpaka nyuma kabisa, akatega sikio, akaugonga mlango wa nyuma kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, chini, na kila mahali ukalia.

"Sikieni," alisema, macho yanang'aa. "Sasa mulango njo iko nasema."