Siku Niliyobaki na Mizani

Yowe lilipopigwa, roba ya pamba ilikuwa inaning'inia kwenye mizani na mimi nasoma uzito. Kwetu yowe hilo tunaliita mwano, na halina mjadala. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha ugali mezani, unachukua upinde na kukimbilia linakotoka. Foleni yote iliyokuwa mbele yangu ilitawanyika. Wanaume waliacha pamba yao chini wakakata mbuga kuelekea malishoni, maana wezi walikuwa wanaswaga ng'ombe mchana kweupe.

Mimi nilibaki. Mtu asiniambie nilikuwa mwoga, kwa sababu hilo nalikataa mpaka leo. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya soko huria. Ushirika uliozoea kutulipa ahadi ulikuwa hoi, na makampuni ya watu binafsi yalikuwa yanashuka vijijini kutoka Bariadi na fedha mkononi. Mojawapo lilinifanya karani wa mizani katika kijiji changu mwenyewe, upande wa Nkoma. Bosi alikuwa na sheria moja tu: pamba ikiwa kituoni, karani haondoki. Ng'ambo ya barabara alikaa karani wa kampuni nyingine, akiwanyemelea wakulima wangu. Siku hiyo naye alikimbilia mwano, na wala hakuwa mtu wa kwetu. Nilimwona mjinga. Nikajisemea kwamba watu ni wengi, watatosha.

Jua lilipokaribia kuzama walirudi na ng'ombe. Walipitia mbele ya kituo, na katikati ya kundi niliwaona ng'ombe wangu wawili. Nilikuwa nimewaweka kwa jirani yangu, kama desturi yetu ilivyo: usiye na nafasi ya kuchunga unamwachia mwenzako, naye anafaidi maziwa. Mtu wa mizani angechunga saa ngapi? Jirani mwenyewe alikuwa anachechemea, mguu umechanwa na mshale, damu imekauka.

"Poleni, jamani," nikasema.

Hakuna aliyeitikia. Walipita kama vile pale pamesimama gogo.

Kijiji kilikaa, nikapigwa mchenya. Maana yake, mpaka nitoe dume la ng'ombe lichinjwe na niombe msamaha mbele ya wote, hakuna wa kunisalimia, wa kunipa moto wala chumvi, wa kununua kwangu au kuniuzia. Mke wangu na watoto vilevile. Mkataa wengi ni mchawi, na kwetu neno hilo si la kuchekea. Lakini mimi kichwa changu ni kigumu. Nikaapa kwamba sitatoa hata kwato.

Aliyelipia ukaidi wangu ni mke wangu. Akifika kisimani, wanawake walijitwika ndoo hata kama hazijajaa. Mashine ya kusaga ilikuwa inaharibika kila akifika na debe lake, na kupona akiondoka. Kabla ya hapo alikuwa ananitania kwamba nimeifanya nyumba gesti, natoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Sasa utani uliisha.

"Mimi sikuolewa na mizani," aliniambia. "Ukiendelea hivi, nachukua watoto narudi kwa baba."

Nilijua hatishii. Hata hivyo asubuhi nikaenda kituoni, nikakaa mbele ya mizani tupu. Wakulima wote walikuwa wamehamia ng'ambo. Yule karani mwenzangu alikuwa anapima, anacheka nao, anaulizwa habari za nyumbani kwao. Nilimchukia kwa moyo wote.

Bosi alipokuja na lori akakuta ghala nusu, nilitegemea matusi. Badala yake aliniambia nina bidii, tatizo ni kijiji. Kesho angenipeleka Lingeka, kule Meatu, kwenye kituo kikubwa zaidi. Nilikwenda nyumbani nusu nakimbia. Mke wangu alikuwa anachambua maharage, akanisikiliza bila kuinua kichwa.

"Huko Lingeka hawapigi mwano?" aliuliza.

Nikajifanya natafuta daftari langu.

"Utakimbia, baba watoto, au utashika mizani?"

Nikawaka. Nilimwambia ninajiua kwa kazi kwa ajili yao, na hakuna anayeona.

"Kwa ajili yetu?" akasema. "Mbona hujatuuliza?"

Ukweli ni kwamba sikuwa naamka alfajiri kwa ajili ya karo wala bati la nyumba. Nilikuwa naamkia kalamu ya sikioni, na kuitwa karani na wazee walionijua nikichunga mbuzi bila viatu. Nilipenda sana jina hilo. Na kwa muda wote huu hakuna aliyekuwa analitamka tena, ila bosi.

Kesho yake mke wangu alifunga nguo za watoto kwenye kitenge. Hazikuwa za kwenda Lingeka, zilikuwa za kwenda kwa baba yake. Mimi nilikwenda kituoni, nikasaidia kupakia roba za mwisho, na mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya lori mwano ulipolia tena, bondeni.

"Panda, twende," bosi akasema.

Mtu aliyepigwa mchenya hana pa kusimama kwenye mwano. Hakuna ambaye angenilaumu. Ningeweza kujificha ndani ya adhabu yao wenyewe nikafika Lingeka salama. Dereva aliwasha gari.

Nilishuka. Bosi alipiga kelele kwamba nikienda nisirudi, nikamsikia vizuri, na nikakimbia. Nilipita nje ya nyumba yangu. Mke wangu alikuwa mlangoni na kile kifurushi kichwani. Kule bondeni wanaume walinitazama wakageuza macho. Sikuwa na upinde, sikuwa na chochote. Mbele yangu jirani yangu alikuwa anajikokota, nikamfikia. Nilitaka kumpita haraka kwa aibu, akanikamata mkono na kunitia upinde wake kiganjani.

"Tangulia," akasema. "Mimi mguu niliumaliza kwa ng'ombe wako."

Nikatangulia, machozi yananitoka.