Nilipomsahihisha Binti wa Ziwani

Nilikulia Nakuru. Mkataba wa amani uliposainiwa nikarudi kwetu Juba kufundisha shule ya msingi ya Buluk, nikiringa kwamba vitabu navijua.

Juzi nikalitafsiria darasa la nne hadithi ya Wales: binti anatoka ziwani na ng'ombe wake, anaolewa na mkulima. Nikaguna. Bibi harusi ndiye alete ng'ombe? Mwandishi kakosea! Nikarekebisha palepale: mkulima alipeleka ng'ombe wote wa mahari kwa baba mkwe, huko chini ya maji. Watoto wakapiga makofi.

Mwishoni mwa hadithi mume akampiga mkewe, naye akarudi ziwani akiwaita ng'ombe wamfuate.

Keji, ambaye muhula mzima hakuuliza swali hata moja, akasimama.

"Ustaz, ng'ombe si iko kwa baba yake tayari? Sasa anaita gani?"

Darasa likambeba Keji juujuu huku likinicheka, nami nikamshika mguu mmoja kusaidia kumbeba.